Ngazi za Mwili: Jibu kwa Mwanafunzi wa Uuguzi wa Mbagala

"Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, stashahada ya uuguzi, naishi Mbagala. Anatomia na fiziolojia inanishinda. Wiki ya kwanza tuliambiwa mwili umepangwa kwa ngazi: kemikali, seli, tishu, ogani, mfumo, halafu mwili mzima. Nimezikariri, nazitaja hata nikiamshwa usiku. Lakini nikifika wodini sioni zinanisaidia nini, kwa sababu mgonjwa anakuja na mwili wake wote, hajagawanywa. Hivi ngazi hizi zina kazi gani? Na nisomeje ili nielewe, maana hii mifupa 206 peke yake imenichosha."

Marahaba, mwanangu. Swali lako wengi hulimeza mpaka wanahitimu, wakaenda nalo kazini. Nimefundisha somo hili hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na ukweli ni kwamba ngazi hizo huwa tunazifundisha vibaya. Tunaziandika ubaoni kama orodha ya vituo vya daladala, mwanafunzi anazinakili, kesho yake tunaingia mifupa. Hatumwonyeshi mtu yeyote akizipanda wala akizishuka.

Basi tuzishuke pamoja, na atuongoze mtoto mmoja. Simzungumzii mtoto fulani ninayemfahamu. Ni mtoto ambaye utamkuta kwenye wodi ya watoto katika hospitali yoyote ya jiji hili ukikaa hapo wiki mbili. Ana miaka saba. Ni Jumamosi ya Februari, jua kali, amecheza mpira tangu asubuhi bila kunywa maji. Jioni bibi yake anamleta amembeba mgongoni. Analia miguu, analia kiuno. Weupe wa macho yake una umanjano. Bibi anasema kwa sauti ya mtu aliyezoea: "Huyu ana sikoseli."

Hapo uko ngazi ya juu kabisa, mwili mzima, mtoto anayelia. Shuka moja. Ni mfumo gani unaohusika? Damu na mzunguko wake, na mifupa pia, maana huko ndiko maumivu yaliko. Shuka tena, ufike kwenye ogani: mfupa wa paja. Wanafunzi wengi hushangaa nikiuita mfupa ogani, kwa sababu wamezoea kuuona umekauka maabara, mweupe kama chaki. Mfupa wa mtu aliye hai una mishipa ya damu, una neva, na ndani yake una uboho unaotengeneza damu mchana na usiku. Mfupa ukinyimwa damu unauma kama kiungo kingine chochote kinavyouma, tena vibaya zaidi, kwa kuwa gamba lake gumu haliwezi kutanuka ili uvimbe upate nafasi.

Tishu sasa. Kitabu chako kimekwambia zipo aina nne: epithelia, tishu unganishi, misuli na tishu ya neva. Usizitafute kwenye kurasa nne tofauti. Chukua ateri moja ndogo inayoingia kwenye mfupa wa mtoto huyu. Kwa ndani imetandikwa epithelia nyembamba mno, safu moja ya seli, laini ili damu iteleze. Nje yake kuna misuli laini inayobana na kulegeza njia. Kwa nje kabisa kuna tishu unganishi inayoishikilia mahali pake, na nyuzi za neva zinazoiamuru misuli ile ibane au ilegee. Aina zote nne ziko kwenye kitu chembamba kuliko uzi wa kushonea, na ukiondoa moja tu, mshipa haufanyi kazi. Hiyo ndiyo maana ya ogani: tishu zilizokubaliana kazi moja.

Kisha seli. Chembe nyekundu ya damu ni kisahani kilichobonyea katikati pande zote mbili, upana wake mikromita saba au nane. Kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, nyingine ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo chembe hupita kwa kujikunja, kama mtu aliyejitwika mzigo anavyopenya vichochoro vya Kariakoo. Mtu mzima ana seli kama trilioni 30, na zaidi ya robo tatu ya hizo ni chembe nyekundu. Mwili umewekeza kiasi hicho kwenye kazi ya kusafirisha oksijeni. Hata kiini chembe hii imekitupa ili ipate nafasi ya kubeba zaidi, ndiyo maana haiwezi kujikarabati na huishi siku 120 hivi tu. Chembe za mtoto wetu zinashindwa kujikunja. Zimekakamaa, zimepinda mfano wa mundu wa kuvunia mpunga, na kutokana na umbo hilo Kiswahili kikaupa ugonjwa jina la selimundu.

Ngazi ya chini kabisa ni ya kemikali. Ndani ya chembe kuna hemoglobini, protini yenye minyororo minne. Mnyororo unaoitwa beta una asidi amino 146 zilizofuatana kama shanga. Shanga ya sita kwa watu wengi ni asidi ya glutamiki. Kwa mtoto huyu ni valini. Tofauti ni hiyo peke yake, na imetokana na herufi moja iliyobadilika kwenye DNA. Oksijeni ikishuka, hemoglobini zenye valini hunasana, zikajenga nyuzi ndefu ngumu ndani ya chembe, na nyuzi hizo ndizo zinazoipindisha.

Hata wanasayansi walishuka ngazi hizihizi, na iliwachukua karibu nusu karne. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika juu ya chembe zenye umbo la mundu alizoziona kwenye damu ya mgonjwa. Hapo walikuwa ngazi ya seli. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonyesha kwamba kasoro iko kwenye molekuli ya hemoglobini yenyewe. Mwaka 1956, kule Cambridge, Vernon Ingram akaipata ile shanga moja. Umri wa mtu mzima kamili ulipita kutoka kuiona seli iliyopinda hadi kujua kwa nini imepinda, ilhali wewe leo unashuka njia hiyo kwa dakika tano. Naomba uione kuwa ni heshima.

Sasa tupande, maana anayeshuka tu bila kupanda anabaki na kemia mkononi na mtoto bado analia.

Shanga moja imebadilika, nyuzi zimejengeka, chembe imekakamaa. Chembe iliyokakamaa inaziba kapilari, na nyingine zinajazana nyuma yake. Tishu iliyo mbele ya kizuizi inakosa oksijeni. Mfupa unauma, mtoto analia. Ile njano machoni nayo? Chembe hizi haziishi siku 120, zinavunjika baada ya siku 10 hadi 20. Hemoglobini ya chembe zilizovunjika inageuzwa kuwa bilirubini, kitu cha manjano ambacho ini hukitoa kupitia nyongo. Ini la mtoto huyu ni zima, ila linaletewa kazi kuliko linavyoweza kuimaliza, na kinachobaki unakiona kwenye weupe wa macho. Umesoma ini, damu na nyongo katika mada tatu tofauti. Macho ya mtoto yanakuonyesha zote tatu kwa mara moja.

Kuna bandama, ambayo vitabu vingine huiita wengu. Ni chujio la damu lenye vipenyo vyembamba mno, kwa hiyo ndilo linaloumia mapema. Linazibwa mara kwa mara tangu utotoni, sehemu zake zinakufa, mwisho linasinyaa na kazi yake kwisha. Kazi hiyo ni pamoja na kukamata bakteria wanaozunguka kwenye damu, hasa wale wa nimonia. Ndiyo maana watoto wadogo wenye sikoseli hupewa penisilini kila siku hata wakiwa wanacheza na kucheka. Mama mmoja atakuuliza: "Kwa nini nimpe dawa mtoto asiyeumwa?" Kama ngazi zako zimebaki kwenye daftari, utamjibu "daktari amesema". Kama umezipanda, utamweleza habari ya bandama kwa sentensi mbili, na dawa itanyweka nyumbani. Hapo mwanangu, anatomia imeokoa mtoto, na sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

Niseme kidogo tu: ngazi haziishii kwenye mwili wa mtu mmoja. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye jeni moja tu ya sikoseli ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu jeni hii imeenea katika nchi zenye malaria, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaliwa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu duniani. Mbu, jeni na wodi yako vimeunganishwa.

Mpaka hapa nimekupa zaidi anatomia, yaani mpango ulivyo. Fiziolojia inauliza mpango huo unaendeshwaje. Na swali lake kwa mtoto wetu ni hili: ugonjwa anao tangu azaliwe, kwa nini maumivu yameanza leo?

Jibu liko kwenye maji. Mtu mzima wa kilo 70 ana lita kama 42 za maji mwilini. Lita 28 ziko ndani ya seli, 14 nje ya seli, na katika hizo 14 ni lita tatu hivi tu zilizo kwenye damu kama plasma, yaani majimaji yake. Akiba inayozunguka ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na ya mtoto ni ndogo zaidi. Kwenye joto la Februari mwili unatoa jasho ili ujipoze, ila jasho linapoza pale linapokauka na kugeuka mvuke. Hewa ya Dar imejaa unyevu wa bahari. Jasho halikauki, linachuruzika, na linalodondoka chini limeondoka na maji yako bila kubeba joto la maana. Unapoteza mara mbili.

Kwa mtu mwenye afya, mwili unastuka mapema. Maji yakipungua damu inakolea. Kwenye ubongo kuna haipothalamasi, sehemu ndogo yenye seli zinazohisi ukolevu huo, nayo inatoa amri mbili. Moja ni kiu. Nyingine ni homoni inayotolewa kwenye tezi ya pituitari, inayokwenda kuziambia figo zirudishe maji badala ya kuyamwaga. Figo zako zote mbili huchuja lita kama 180 kwa siku na kuzirudisha karibu zote. Mkojo unaotoka ni lita moja au mbili. Kila figo ina nefroni kama milioni moja zinazofanya kazi hiyo, na homoni ile ndiyo inayoamua kiasi gani kirudi mwishoni. Ukinywa maji, ukolevu unashuka, haipothalamasi inanyamaza, homoni inapungua. Matokeo ndiyo yanayozima amri iliyoyaleta.

Claude Bernard, Mfaransa wa karne ya 19, ndiye aliyesisitiza kwamba seli zetu zinaishi katika mazingira ya ndani ambayo mwili unayalinda yasibadilike hovyo. Mmarekani Walter Cannon akayapa mambo hayo jina mwaka 1926: homeostasisi. Watu hulitafsiri neno hilo kana kwamba mwili umetulia tuli. Mtazame mwanamke aliyejitwika ndoo ya maji bila kuishika. Ndoo imetulia, lakini shingo haikai sekunde moja bila kucheza, huku kidogo, kule kidogo, ndipo maji yasimwagike. Utulivu wa ndoo ni kazi ya shingo, na homeostasisi ni kazi ya namna hiyo.

Rudi kwa mtoto. Sehemu ya ndani ya figo ina oksijeni kidogo, ina chumvi nyingi na asidi, yaani ina kila kitu kinachozipindisha chembe za sikoseli. Mishipa yake midogo huumia mapema, na figo inapoteza uwezo wa kuukoleza mkojo. Homoni inafika na amri yake, lakini atakayeitekeleza hawezi. Mtoto anakojoa sana, mkojo mwepesi, hata siku ya ukame. Anakojoa kitandani akiwa na miaka saba, na mara nyingi anachapwa kwa hilo. Naumia ninapoandika haya. Anachapwa kwa sababu ya figo.

Sasa duara linakamilika. Jua limemtoa jasho, figo haikuzuia, damu imekolea. Chembe nyekundu nazo zimepoteza maji, hemoglobini ndani yake imesongamana, na hemoglobini iliyosongamana inanasana haraka zaidi. Kilichoanza juani kimeshuka hadi kwenye ile shanga ya sita, kikapanda tena hadi kwenye mfupa wa paja. Kwa hiyo unapomwekea dripu, unapomfunika asipate baridi, unapompa dawa ya maumivu bila kumcheleweshea, ujue unagusa ngazi ipi. Na kabla bibi hajaondoka, mweleze habari ya kitanda, na umwambie mtoto aende shuleni na chupa ya maji, na mwalimu amruhusu kwenda chooni.

Uliuliza usomeje. Namna niliyoitumia hapa ndiyo ninayokushauri: chukua mgonjwa mmoja kwa wiki, umshushe na umpandishe. Mwenye kisukari, mama mwenye kifafa cha mimba, aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda. Mifupa 206 utaijua kwa sababu ya watu hao. Na usiogope namba hiyo. 106 kati yake iko kwenye mikono (kuanzia kifundo hadi ncha za vidole) na nyayo peke yake, na kila upande ni nakala ya mwenzake. Ukijua mkono mmoja na unyayo mmoja, umejua zaidi ya nusu.

Nenda pia buchani. Nunua moyo wa mbuzi na figo yake, uvipasue jikoni kwa kisu kikali kabla ya kuvipika. Moyo una vyumba vinne kama wako. Bonyeza kwa vidole kuta za ventrikali, yaani vyumba viwili vya chini: ya kushoto ni nene mara kadhaa kuliko ya kulia. Jiulize kwa nini, maana pande zote mbili zinasukuma damu sawasawa, lita kama tano kwa dakika kwa mtu mzima aliyepumzika. Kulia kunapeleka mapafuni, hapo jirani. Kushoto kunapeleka mpaka kidole gumba cha mguu, kwa shinikizo kubwa zaidi. Unene wa ukuta umekueleza kazi yake kabla hujafungua kitabu. Figo chukua ya mbuzi, si ya ng'ombe: ya mbuzi ni laini kwa nje kama ya mtu, ya ng'ombe imegawanyika vinundu vinundu.

Ila usimwamini mbuzi kwa kila kitu. Galen, tabibu wa zama za Warumi, alijifunza kwa kupasua wanyama, akaandika kwamba chini ya ubongo wa binadamu kuna wavu wa mishipa. Mbuzi na ng'ombe wanao. Binadamu hana. Watu walifundishana kosa hilo kwa zaidi ya miaka 1,000, mpaka Andreas Vesalius, aliyepasua maiti za watu kwa mikono yake, alipochapisha kazi yake mwaka 1543.

Jambo la mwisho ni lugha, na hili hakuna atakayekuuliza kwenye mtihani. Unasoma kwa Kiingereza, mgonjwa anaumwa kwa Kiswahili. Akisema "mshipa unaniuma" anaweza kuwa na maana ya vena, neva, kano, na hata ngiri. Kiungo kwake ni mkono, ni goti, ni figo, na jikoni ni binzari; ndiyo sababu humu nimetumia zaidi neno ogani. Tumbo ni mfuko wa chakula, ni eneo lote chini ya mbavu, na ni mimba. Akikwambia chembe ya moyo inauma, hajasema moyo. Anaonyesha pale kidari kinapoishia, na chini yake kuna tumbo la chakula, kwa hiyo mara nyingi ni vidonda au kiungulia. Lakini usimwache hapo, hasa akiwa mtu mzima anayetoka jasho la baridi, kwa kuwa moyo uliozibwa mshipa wake unaweza kuumia mahali hapohapo. Mwombe aonyeshe kwa kidole kimoja. Na unapoandika kwenye faili, kulia na kushoto ni kwa mgonjwa, si kwako uliyesimama mbele yake.

Sura ya figo itawafikia muhula huu. Wenzako watakapoanza kukariri sehemu za nefroni, wewe anza na swali la yule mtoto: kwa nini anakojoa kitandani siku ambayo hajanywa maji? Ukikwama katikati, niandikie, tutashuka tena pamoja.